Shangazi Hukamuliwa Kwanza

Maziwa yetu yalirudishwa mara ya pili siku ya Jumanne. Mpimaji wa kituo cha kukusanyia maziwa ni mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania. Alichota kidogo kwenye kopo letu, akatia dawa yake, akazungusha, kisha akaninyooshea kikombe nione mwenyewe. Maziwa yalikuwa yameshikana kama ute wa yai.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie, "mara ya tatu sitaweza kukusitiri. Yakija hivi tena, nyumba yako inatolewa kwenye orodha mpaka mwaka ujao. Mwite bwana mifugo aangalie hao ng'ombe."

Akalifunga kopo, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye toroli langu, kwa sababu aliona ninavyoshuka ngazi. Halafu akarudi kwenye foleni yake.

Nilisukuma toroli mpaka nyumbani nikipumzika kila baada ya nyumba tatu nne. Mkwe wangu alikuwa anafagia banda. Watu wote humwita Mama Pacha, na mimi pia. Alilitazama gurudumu lilivyozama kwenye udongo, akaacha kufagia.

"Yamerudi?"

"Yamerudi."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Hawakubakiza hata ya paka."

Alishika upande mmoja wa kopo, nami nikashika mwingine, tukayamwaga nyuma ya banda. Maziwa yakimwagwa hutoa sauti nzito, si kama maji.

Tulikuwa na ng'ombe wanne. Mwanangu anaendesha malori ya mbali na huja nyumbani mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Kwa hiyo banda lilikuwa letu sisi wawili. Mama Pacha alikata majani, alifagia, alibeba maji. Mimi nilikamua. Ndiyo kazi pekee ambayo magoti yangu yalikuwa bado yananiruhusu, maana hufanywa mtu akiwa amekaa.

Ng'ombe wa karibu na mlango alikuwa Shangazi. Tulimwita hivyo kwa sababu alipenda kuingilia mambo ya kila mtu. Ukipita na ndoo, anachungulia. Ukigombana na mtu uani, anaacha kula ili asikilize. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na uzao wake wa kwanza ulikuja mwaka ule pacha walipozaliwa na mama yao akalazwa hospitali miezi miwili. Wajukuu wangu walikua kwa maziwa yake, yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kwa kijiko. Siku hizi wako shule ya bweni, na wote wawili wananifikia begani.

Baada yake alifuata Kelele, halafu Bibi Harusi ambaye huona haya hata mbele ya kuku, na mwisho Mwali, aliyekuwa amezaa mara moja tu. Hivyo ndivyo nilivyowakamua miaka yote, kuanzia mkubwa. Wageni wakija nyumbani, mkubwa ndiye anayepewa chai kwanza. Sikuona kwa nini bandani pawe tofauti.

Na nilikuwa na kitambaa changu. Kilikuwa kipande cha taulo la pacha walipokuwa wachanga, kilaini kama sikio la ndama. Nilikichovya kwenye maji ya uvuguvugu, nikamfuta Shangazi kiwele taratibu, nikakikamua, nikaenda kwa Kelele, nikakikamua, nikaenda mbele. Majirani zangu hutumia maji baridi, wengine hawafuti kabisa. Ng'ombe wangu walikuwa wanasimama kama wanaosinzia na kushusha maziwa bila ugomvi. Sikusema kwa mtu, lakini nilijivunia kitambaa kile.

Jambo lingine pia sikulisema. Kwa mwezi mzima na zaidi, michirizi ya kwanza ya Shangazi ilikuwa inatoka na vibonge vidogo, kama mtindi ulioanza. Nilikuwa naikamulia sakafuni na kuisugua kwa mguu. Na robo ya nyuma ya kiwele chake, upande wa kushoto, ilikuwa ngumu. Nilijiambia ni uzee. Mimi pia nina sehemu zilizokuwa laini zamani.

Bwana mifugo alikuja Jumatano alasiri, saa ya kukamua. Watu husema bwana mifugo hata akiwa mwanamke. Huyu alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye mabuti yaliyomzidi mguu na macho ya mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Alisimama mlangoni mwa banda akaomba maji, akayasugua mabuti yake kwa sabuni kabla ya kuingia.

"Shikamoo, bibi. Nimetoka mabanda matano. Sitaki kuwaletea ya wengine."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula."

Mtu akijibu hivyo, hajala. Nikamwambia Mama Pacha aweke chai.

Binti alitoa kibao cheupe chenye vikombe vinne vifupi, kila chuchu na kikombe chake. Kabla ya kuanza alitazama huku na huku, akaona kitambaa changu kwenye ukingo wa ndoo. Alikiinua kwa vidole viwili.

"Nani anakamua hapa?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Mama Pacha akaniwahi.

"Mimi."

Niligeuka kumtazama. Mama Pacha hajawahi kukamua tangu aolewe. Kelele alimpiga teke mwaka wa kwanza, akaapa hatamsogelea ng'ombe kwa nyuma mpaka afe.

"Na kitambaa hiki?"

"Changu."

"Kimoja kwa wote?"

"Kimoja."

"Unaanza na yupi?"

"Huyu mkubwa, Shangazi."

Binti alishusha pumzi. "Dada yangu, hapo ndipo mlipopotea." Halafu akamsogezea ndoo. "Haya, kaa unikamulie kidogo. Nataka kuona mkono wako."

Mama Pacha alikaa upande usio wa kukamulia. Shangazi aligeuza shingo na kumtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi kitandani. Mama Pacha alishika chuchu, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena, kwa mikono miwili sasa, akitoa jasho.

"Dada," bwana mifugo akasema, "unakamua au unapiga kengele ya shule?"

"Leo amekasirika."

"Amekasirika na nani?"

Kelele, kule wa pili, akaanza kulia kwa sababu saa yake ilikuwa inapita. Mkwe wangu shingo ilikuwa imeiva. Nikaweka mkono kwenye nguzo, nikainuka.

"Inuka, mwanangu."

"Mama, wewe kaa tu."

"Inuka."

Aliinuka. Nilikaa mahali pangu, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Shangazi kama siku zote, na maziwa yakashuka. Nikasema nikiwa nimeelekea ubavuni, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema nikimtazama mtu.

"Mkono ni wangu. Kitambaa ni changu, na kuanza na mkubwa ni mimi. Na vibonge nimeviona mwezi mzima nikavisugua kwa mguu. Huyu hajui lolote. Alitaka kunifunika."

Nilingoja kugombezwa. Binti alichuchumaa tu pembeni yangu, magoti yake nayo yakalia, akakinga kibao chake.

"Asante kwa kuniambia, bibi," akasema. "Wengi hunificha mpaka ng'ombe anaanguka."

Alimpima Shangazi, akatia dawa ya zambarau kwenye vikombe, akakizungusha kibao kama mtu anayepepeta. Vikombe vitatu kati ya vinne vilishikana, maziwa yakawa ute unaovutika. Kelele, viwili. Bibi Harusi, viwili. Mwali, kimoja, na chenyewe kilianza tu kuwa kizito.

"Unaona wanavyofuatana?" akaniuliza. "Ugonjwa wa kiwele una vijidudu vyake, bibi, na hawa wa kwenu hawaruki hewani. Wanabebwa. Wanakaa ndani ya huyu mkubwa, ukimfuta wanahamia kwenye kitambaa, na kitambaa kinakwenda kwa wa pili kikiwa na uvuguvugu. Nao wanapenda uvuguvugu, kama ng'ombe wako wanavyoupenda."

Nilikuwa naziangalia nyuzi zilizochakaa za kile kitambaa. Miaka yote ile nilidhani nawatendea wema.

"Tangu leo geuza," akasema. "Mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Huyu mdogo ndiye wa kwanza. Kila mmoja na kitambaa chake, kinachemshwa na kuanikwa juani. Mikono kwa sabuni ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama umechoka."

"Hata kama nimechoka," nikasema.

"Hasa ukiwa umechoka. Michirizi ya kwanza usiimwage chini, ikamulie kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu, vibonge vitaonekana. Ukimaliza, chuchu zote unazichovya kwenye dawa hii ya kahawia. Halafu uwape majani wale wakiwa wamesimama. Chuchu ikitoka kukamuliwa huwa haijajifunga, na wakilala kwenye uchafu saa hiyo, tumefanya kazi bure."

Aliwatia dawa wale watatu wadogo, kila robo iliyougua, kwa bomba dogo, akianza yeye mwenyewe na Mwali ili nione. Alichukua chupa za maziwa ya kila mmoja kupeleka maabara. Akatuambia maziwa yote ya siku za dawa yaende shimoni, asinywe mtu, wala ndama, wala paka. Ndipo akarudi kwa Shangazi, akaingiza mkono chini na kuibonyeza ile robo ngumu.

"Huyu, bibi."

"Najua ni mzee."

"Si uzee. Vijidudu wamejijengea humu ndani, dawa haiwafikii. Hata akionekana amepona atawatoa tena, na hawa watatu watarudi pale pale. Mimi ningemtoa bandani kesho."

Shangazi alikuwa anasikiliza, majani yakining'inia mdomoni.

"Mtie dawa na yeye," nikamwomba. "Mara moja tu. Tafadhali, mwanangu."

Alitazama nje, barabarani. Nadhani alikuwa anahesabu mabanda yaliyobaki na mwendo wa kurudi huku tena.

"Mara moja," akasema. "Baada ya wiki tatu nitakuja kupima wote. Nikimkuta bado ana ugonjwa, ataondoka, na wewe ndiye utakayesema aondoke. Sitaki kuwa mtu aliyekunyang'anya."

"Nitasema mwenyewe."

Alikunywa chai akiwa amesimama. Mama Pacha alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye karatasi, akavila kabla hajafika barabarani. Nilimwona.

Jua lilikuwa halijazama tulipokaa kwenye kizingiti, mimi na mkwe wangu, miguu mbele.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alichuna tope kwenye kisigino. "Nilivyoona anakishika kile kitambaa kwa ncha za vidole, nikajua kitakachofuata. Sikutaka mtoto wa juzi akuseme mbele yangu."

"Na Shangazi akakuumbua."

"Amenidhalilisha yule mama! Nimemvuta mpaka mabega yanauma."

"Kengele ya shule."

"Usianze, mama."

Tulicheka mpaka akafuta macho. Wiki tatu zilikuwa mbele yetu na sisi tulikuwa tumeshachoka.

Zilikuwa wiki ndefu. Kazi niliyokuwa naifanya kwa saa moja ikawa saa mbili. Mama Pacha alikata shuka kuukuu vipande vingi, akashona uzi pembeni ili tusichanganye: mweupe wa Mwali, wa bluu wa Bibi Harusi, wa kijani wa Kelele, mwekundu wa Shangazi. Alichemsha, akaanika. Mimi nilinawa, nikakamua, nikachovya chuchu, nikainuka, nikanawa tena. Ngozi ya vidole ilipasuka kwa sabuni. Siku moja nilikuta kopo la mafuta ya mgando kwenye kigoda changu, na hakuna aliyesema kaliweka nani.

Lakini aliyeteseka kuliko wote alikuwa Shangazi. Hakuelewa. Alfajiri ya kwanza nilipompita nikaenda kwa Mwali, alinifuata kwa macho akidhani nimesahau kitu. Nilipokaa kwa Bibi Harusi akaanza kulia. Nilipofika kwa Kelele alikuwa anapiga ubao kwa pembe, na Kelele, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa na makelele, alinyamaza kwa mshangao. Ikawa hivyo kila asubuhi na kila alasiri. Jirani aliuliza ng'ombe gani tunamchinja kila siku.

Asubuhi moja ya wiki ya pili nilikuwa sikulala vizuri kwa maumivu ya magoti. Shangazi alianza kulia nikiwa bado mlangoni, na kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikaa kwake. Nilijikuta tu nimekaa, kitambaa chenye uzi mwekundu mkononi, paji la uso ubavuni, naye akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyesamehe. Mikono yangu ilikuwa karibu kugusa. Hakuna ambaye angejua. Ningenawa tu baadaye.

Nilikaa pale kidogo. Halafu nikashika nguzo. Kuinuka kwangu si jambo la mara moja, kuna kuegemea, kuna kungoja, kuna goti la kulia kwanza. Shangazi hakulia safari hii. Alinitazama tu mpaka nikafika kwa Mwali.

Bwana mifugo alirudi siku aliyosema, na mabuti aliyasugua tena. Alikuwa na karatasi ya maabara mfukoni lakini hakuitoa. Alianza na Mwali. Maziwa yalizunguka kwenye vikombe, mepesi kama maji. Bibi Harusi, hivyo hivyo. Kelele, hivyo hivyo, binti akanigusa bega akasema, "Mikono yako hii, bibi."

Halafu Shangazi. Sikuhitaji kuinama. Niliona jinsi alivyoacha kuzungusha kibao. Vikombe vitatu vilikuwa vimeshikana vile vile, na cha nne kilikuwa kinaanza.

Alisimama akiwa ameshika kibao, akaningoja kama tulivyopatana. Mama Pacha alikuwa nyuma yangu na ufagio, nao ulikuwa umetulia.

"Aondoke," nikasema.

"Siku za dawa mwilini mwake zimekwisha," binti akasema taratibu. "Anaweza kuchinjwa, nyama itakaguliwa. Usimuuze kwa mtu wa kufuga, bibi. Atakwenda kuanza upya kwa mwingine."

"Siwezi kumfanyia mtu hivyo."

Gari la mchinjaji lilikuja Ijumaa mchana. Mama Pacha aliniambia niende kwa jirani, yeye atamtoa. Nikamwambia, "Utamtoa vipi, kwa kengele?" Akatabasamu kidogo, akanipisha. Nilichovya kitambaa chake kwenye maji ya uvuguvugu nikamfuta kiwele, ingawa hakuwa anakamuliwa. Hakukuwa na wa kumfuata baada yake, kwa hiyo nilifuta nilivyotaka. Kisha nikatembea mbele naye akanifuata mpaka kwenye ubao wa gari, akichungulia ndani kuona kuna mambo gani. Dereva alikuwa ameacha injini inanguruma. Aliponiona ninavyotembea aliizima, akashuka, akangoja bila kuniharakisha. Sikumjua na sijamwona tena.

Kitambaa nilikitupa motoni jikoni.

Jumamosi niliamka saa ile ile. Nilibaki kitandani kidogo nikisikiliza, na hakuna aliyelia. Nilivaa, nikachukua ndoo, nikatoka uani nikiangalia chini, kwa sababu mlango wa banda unafungukia pale pale alipokuwa akisimama, na kigoda changu huning'inia kwenye nguzo yake. Nilikuwa najiambia, pita tu, usitazame, pita.

"Mama."

Mama Pacha alikuwa upande wa pili wa banda. Kule kuna mlango wa nyuma ambao mume wangu aliufunga kwa waya kabla hajafariki, na hatukuwahi kuufungua. Waya ulikuwa umekatwa, uko chini, na vidole vya mkwe wangu vilikuwa vimekwaruzika. Ndani niliona kigoda changu kimewekwa ubavuni mwa Mwali. Beseni la sabuni lilikuwa linatoa mvuke. Vitambaa vitatu vilikuwa vimekunjwa juu ya ukingo, wa uzi mweupe, wa bluu, wa kijani.

"Pita huku," akasema. "Huku ni karibu."

Si karibu. Ni kulizunguka banda lote, na njia ina mawe. Nikampa ndoo aishike, nikapita.